Nchi Jirani: Ua Hutaka Siku Ndefu, Mfanyakazi Je?

Ndugu mfanyakazi, ukipita usiku karibu na baadhi ya mashamba ya maua nchini Kenya, utaona mabanda ya nailoni yanawaka taa utadhani ni mji. Hakuna sherehe humo. Taa zimewashwa kwa ajili ya maua.

Moja ya maua yanayowashiwa taa huitwa trakelio. Kichwa chake ni kama mwavuli wa vijiua vidogo vingi, vya zambarau, vyeupe au vya waridi. Ni wa jamii moja na lobelia, ile mimea mikubwa inayoota juu ya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Lakini kwao trakelio ni nchi za magharibi ya bahari ya Mediterania, ambako wakati wa kiangazi jua huchelewa kuzama. Lisipopata mchana wa kama saa 14 au zaidi, hubaki majani, au hukawia mno kuchanua. Huku kwenye Ikweta mchana ni saa 12 mwaka mzima. Ndiyo maana mwenye shamba huongeza mchana kwa umeme.

Kazi huanza na mbegu laini kama vumbi. Hazifukiwi, hunyunyizwa juu ya udongo, kwa kuwa huhitaji mwanga ili ziote. Miche hukua polepole, kisha hupandikizwa kwenye matuta yenye nyavu za kushikilia mashina yasilale. Ua hukatwa mapema, vijiua vyake vikiwa vimefunguka robo hadi theluthi, na hutiwa majini mara moja, maana ua lililonyauka halina soko. Mashina hupimwa urefu, hufungwa vitita, huingizwa chumba cha baridi, na ndege huyapeleka Ulaya.

Kazi hiyo ni ya mikono, na mikono iliyo mingi ni ya akina mama.

Hapo ndipo lilipo swali letu. Je, taa iliyowekwa kurefusha siku ya ua irefushe na siku ya mfanyakazi? Kila mwaka, kabla ya sikukuu ya wapendanao ya tarehe 14 Februari, Ulaya hununua maua kwa wingi, na mashambani saa za ziada huongezeka. Ua halina mtoto anayelisubiri nyumbani. Mama anayelifunga anaye.

Wafanyakazi wa dunia walikwisha kulijibu swali hili. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, uliweka saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki viwandani. Wa mashambani walipata mkataba wao, Namba 110, mwaka 1958, unaogusa mishahara, mapumziko ya wiki, uzazi na haki ya kuungana. Huko Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na mama mzazi likizo ya miezi mitatu yenye mshahara kamili. Juu ya hayo, chama cha wafanyakazi wa mashamba, KPAWU, hujadiliana na umoja wa waajiri wa kilimo na kutia saini mikataba ya hali bora.

Lakini sheria iliyo kabatini haimfuti mtu jasho. Inataka mfanyakazi aijue, aandike kwenye daftari lake saa aliyoingia na saa aliyotoka, na tawi la chama liyapeleke madaftari hayo mezani.

Maua hulimwa pia Arusha, kwa hiyo habari hii si ya jirani peke yake. Nawe wa mkonge, wa chai, au wa kiwanda cha nguo, taa ya usiku unaijua. Ua lirefushiwe siku, maana ndiyo asili yake. Siku ya mfanyakazi ina mwisho, na mwisho huo tuulinde kwa umoja wetu.