Mistari ya maegesho hupangwa kabla rangi haijafunguliwa

Mistari ya maegesho kwenye majengo ya biashara haidumu. Jua huipausha, matairi huisugua na mchanga unaoletwa na mvua huikwangua. Ikishafifia, kila dereva huegesha atakavyo, na gari moja likikaa upande hula nafasi mbili.

Kazi ya kuichora upya huanza kwenye lami. Nyufa huzibwa, mashimo hufukiwa na madoa ya oili husafishwa, kwani rangi haishiki juu ya grisi wala vumbi. Lami mpya huachwa kwanza wiki kadhaa ikomae.

Kinachofuata ni mchoro, na hapa ndipo faida ilipo. Kufuatisha mistari ya zamani ni kurudia makosa yake. Nafasi ya gari dogo kwa kawaida huwa na upana wa mita 2.5 na urefu wa mita 5. Magari yakiegeshwa kwa pembe mraba, njia ya katikati huhitaji mita 6 hadi 7. Yakiegeshwa mshazari, njia huweza kupunguzwa, ila magari yapite kwa mwelekeo mmoja tu. Bodaboda na bajaji hutengewa pembe yao, na njia ya zimamoto huachwa wazi.

Watu wenye ulemavu huhesabiwa mwanzoni, si mwishoni. Marekani, viwango vya mwaka 2010 vinavyotokana na ADA, sheria ya haki za watu wenye ulemavu, vinataka nafasi moja yao kwa maegesho ya magari 1 hadi 25, na mbili kwa 26 hadi 50. Kando yake huachwa ukanda wa takriban mita 1.5, ili mlango wa gari ufunguke wote na kiti cha magurudumu kishuke.

Pwani ya Afrika Mashariki, masika ya Machi hadi Mei si wakati wa kupaka rangi. Siku za kuelekea Idi na Krismasi nazo huepukwa, kwa kuwa wateja ni wengi. Eneo hufungwa nusu nusu, maduka yaendelee kuuza. Mistari ya zamani isiyohitajika hufutwa, mipya hupigwa kwa uzi wa chaki, kisha hupakwa rangi. Chembe za kioo hunyunyiziwa rangi ikiwa bado mbichi, ili mistari ing'ae usiku.

Kabla ya kumlipa fundi, mwenye jengo apite na utepe wa kupimia, nafasi kwa nafasi, mchoro ukiwa mkononi.