Kabla ya kununua tochi kali, angalia kama inamulika miguu ya mtoto

Mpanda. Katika nyumba nyingi za Mkoa wa Katavi, tochi ni chombo cha kila siku kama ilivyo ndoo ya maji. Baba huishika akienda kuangalia zizi, mama akitoka kwenda jiko la nje, na mtoto wa darasa la pili huihitaji akibanwa na haja saa nane usiku, wakati choo kiko nyuma ya nyumba.

Ndiyo maana tochi kubwa za LED, zile zenye mkanda wa begani na kioo kipana, zinawavutia wazazi wengi. Boksi lina namba kubwa, na muuzaji akiiwasha dukani ukuta wa pili unang'aa hata mchana. Mzazi hutoa fedha akiamini kuwa amenunua usalama wa familia.

Lakini ukali wa mwanga ni jambo moja na usalama wa mtoto ni jambo lingine. Tochi inaweza kumulika mti ulio mbali na bado ikaacha giza pale mtoto anapokanyaga.

Hatari iko chini ya miguu

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka duniani, na kati ya 81,000 na 138,000 hufariki. Mwaka 2017, shirika hilo liliweka madhara ya sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele. Watoto huumia zaidi, kwa kuwa kiasi kilekile cha sumu kinaingia kwenye mwili mdogo.

Fikiria nyoka aina ya kifutu, anayepatikana sehemu nyingi za nchi yetu. Rangi yake hufanana na majani makavu na udongo. Akisikia mtu anakuja, mara nyingi hakimbii. Hutulia palepale njiani, na huuma akikanyagwa. Kinachomwokoa mtoto ni kumwona nyoka huyo kabla ya kuinua mguu.

Kwa hiyo mwanga anaouhitaji mtoto ni mpana, wa karibu, unaofunika njia kuanzia kwenye vidole vya miguu hadi hatua tano au sita mbele. Kwa kazi hiyo, lumeni 100 hadi 200 zinatosha. Lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga unaotoka kwenye taa. Kwa kulinganisha, ile balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa lumeni zipatazo 800 na ikatosha sebule nzima.

Hii haina maana kwamba mwanga wa mbali hauna kazi. Wakazi wa maeneo yanayopakana na Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kama Sitalike, wanajua kuwa viboko hutoka majini usiku kwenda kula majani. Mtu mzima anayepita huko ana sababu nzuri ya kutaka kuona mbali, ili ageuze njia mapema. Asiichukue tochi kama silaha ya kumfukuzia mnyama, na asimpeleke mtoto mbele kwa sababu tu mwanga ni mkali.

Namba za kwenye boksi zisikutishe

Baadhi ya maboksi huandikwa lumeni 100,000. Hebu tupige hesabu. Taa za LED hutoa takriban lumeni 100 hadi 150 kwa kila wati moja ya umeme. Ili kutoa lumeni 100,000, tochi hiyo ingehitaji wati 700 hadi 1,000, yaani umeme wa pasi. Betri moja ya kawaida ya tochi hizi ingeisha ndani ya dakika moja hivi. Ukikuta namba ya namna hiyo kwenye tochi ya mkononi ya bei nafuu, jua imeandikwa kwa ajili ya kuuzia.

Betri nazo zina ukomo. Betri ya lithiamu inayotumika sana huitwa 18650, kwa sababu ina unene wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Iliyo bora kabisa ya aina hiyo huhifadhi chaji ya takriban mAh 3,500. Ikiandikwa 9,900, namba hiyo si ya kweli. Ipime mkononi: betri nzima huwa na uzito wa gramu 45 hadi 50. Ikiwa nyepesi mno, ndani kuna kidogo kuliko unacholipia.

Watengenezaji makini hupima tochi zao kwa utaratibu unaoitwa ANSI FL 1, na alama yake huonekana kwenye boksi. Hata hapo, mzazi aelewe maana ya vipimo hivyo. Umbali huhesabiwa hadi pale mwanga unapobaki kama wa mbalamwezi pevu. Tochi ya mita 500 haikuoneshi nyoka aliye mita 500. Na muda wa kuwaka huhesabiwa hadi mwanga unaposhuka na kubaki sehemu moja ya kumi ya ulivyoanza.

Jaribio la usiku mmoja

Huhitaji maabara kuijua tochi yako. Unahitaji usiku mmoja.

Kwanza, simama mlangoni kukiwa giza, ishike tochi kwa urefu wa kiuno cha mtoto, kisha ielekeze mbele kama atakavyofanya yeye. Je, unaona vidole vyako? Unaona kingo zote mbili za njia? Kama unaona duara dogo jeupe huko mbele na giza miguuni, hiyo ni tochi ya mlinzi, si ya mtoto.

Pili, ichaji ijae, iwashe saa moja jioni, kisha iangalie kila baada ya saa moja. Tochi nyingi kali hupunguza mwanga zenyewe baada ya dakika chache kwa sababu ya joto. Hilo si kosa, ila mwanga unaopaswa kuuhesabia ni ule unaobaki baada ya hapo.

Tatu, baada ya dakika 10 sogeza kiganja karibu na kichwa cha tochi, kwa tahadhari. Kama joto linakuchoma, usimwachie mtoto. Tochi kali ikilazwa kifudifudi juu ya godoro au chandarua inaweza kuunguza kitambaa.

Nne, mpe mtoto aibebe hadi chooni na kurudi, wewe ukiwa nyuma yake. Je, anaweza kuiwasha kwa kidole kimoja? Mkono unachoka? Mtoto anayeshika tochi nzito kwa mikono miwili hana mkono wa kujishikilia akiteleza.

Kwa kuwa mvua zetu huanza kuelekea mwisho wa mwaka na kuendelea hadi Aprili, angalia pia alama ya kuzuia maji. IPX4 inavumilia maji ya kurukia, na IPX7 inavumilia kuzama mita moja kwa dakika 30.

Linda macho

Mtu mzima akimulikwa na mwanga mkali hufumba macho na kugeuza uso upesi. Mtoto mdogo anaweza kuukodolea kwa udadisi. Lenzi ya jicho lake pia hupitisha mwanga wa buluu kuliko ya mtu mzima, na taa nyeupe za LED zina mwanga huo kwa wingi. Mwanga mkali ukiingia kwa muda kwenye jicho la karibu unaweza kuumiza retina, utando wa nyuma unaotuwezesha kuona.

Weka sharti moja nyumbani: tochi haimulikwi usoni, hata kwa mchezo. Sharti hilo lifike na barabarani, kwani dereva wa bodaboda akimulikwa ghafla hubaki haoni kwa sekunde kadhaa huku pikipiki inaenda. Mtoto akilalamika kuwa anaona doa jeusi lisiloondoka baada ya kumulikwa, mpeleke hospitali apimwe macho.

Betri ni suala la afya

Usichaji tochi kitandani, chini ya mto, wala chumba wanacholala watoto. Iweke juu ya sakafu ya saruji, mbali na nguo, na iondolewe ikijaa. Betri iliyovimba au kutoa harufu isitumike tena. Ikianza kutoa moshi, toa watoto nje kwanza.

Kwa wanaotegemea sola, hesabu pia muda wa kuchaji. Tochi yenye betri nne za 18650 nzuri inahitaji takriban wati-saa 50. Paneli ndogo ya wati 5 itachukua zaidi ya saa 10 za jua kali kuijaza, ambazo ni karibu siku mbili. Tochi ndogo hujaa siku hiyohiyo.

Tochi nyingine kubwa, hasa zenye miguu ya plagi nyuma yake, hutumia betri ya risasi na asidi. Mpanda inaijua risasi: reli ya kuja hapa kutoka Kaliua ilifunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa madini hayo. WHO inasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na ubongo wa mtoto ndio huathirika zaidi. Tochi ikifa, isivunjwe uani wala risasi yake isiyeyushwe jikoni.

Kuwa makini pia na vitochi vidogo vya funguo vyenye betri za mviringo kama kifungo. Mtoto akimeza betri hiyo, inaweza kuanza kuunguza koo ndani ya saa mbili. Usimtapishe. Mkimbize hospitali.

Ununue ipi?

Kama fedha inatosha tochi moja, chagua yenye mwanga mpana, viwango viwili au vitatu vya ukali, na inayokaa na chaji usiku kucha kwenye kiwango cha chini. Ile kubwa iwe ya pili, ya mtu mzima, kwa zizi na shamba.

Mtundikie mtoto tochi yake sehemu moja karibu na mlango, avae viatu kabla ya kutoka, na njia ya kwenda chooni ifyekwe. Ikitokea ameumwa na nyoka, mtulize, mlaze, mguu usitikisike, na msichanje, msinyonye, wala msifunge kamba. Muwahisheni hospitali mara moja.