Fahamu: Kompyuta ya nyumbani ikidukuliwa, ufanye nini?

Kishale kinatembea chenyewe kwenye skrini. Au marafiki wanakupigia kuuliza kwa nini umewaomba pesa kwa barua pepe. Dalili kama hizi usizipuuze.

Kwanza kata intaneti: zima Wi-Fi, chomoa waya wa mtandao. Wengi hukimbilia kubadilisha nywila papo hapo, kwenye kompyuta hiyohiyo, na hilo ni kosa kubwa. Ikiwa kuna programu hasidi inayonasa kila herufi unayobonyeza, nywila mpya nayo itamfikia mwizi. Tumia simu au kompyuta nyingine unayoiamini. Anza na barua pepe, kwa sababu anayeishika anaweza kuomba nywila mpya za akaunti zako nyingine; kisha badilisha nywila ya benki. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Kagua pia mipangilio ya barua pepe: wadukuzi huacha humo agizo la kujitumia nakala za barua zako, na agizo hilo linaweza kubaki hata baada ya nywila kubadilishwa.

Mashine yenyewe ichunguze kwa programu ya kuondoa virusi. Lakini ikiwa mtu alishaidhibiti, naona lililo salama ni kunakili picha na nyaraka zako, kufuta kila kitu na kuweka upya mfumo endeshi. Programu za wizi ulizopakua bure usizirudishe.

Pesa zikiguswa, piga simu benki mara moja, kisha ripoti polisi. Udukuzi ni jinai: Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, na Kenya ikatunga yake mwaka 2018.