Ziwa la Barafu au Ziwa la Barafuto? Istilahi za Mbio za Milima Mirefu

Madhumuni ya makala haya ni kuzichunguza baadhi ya istilahi zinazohitajika katika kueleza mbio za vijia vya milima mirefu, hususan milima yenye barafu na maziwa yaliyotokana na barafu hiyo. Huenda msomaji akauliza: ya nini kuhangaika na istilahi za mchezo wa watu wachache? Jibu letu ni kwamba istilahi hizo hazimhusu mkimbiaji peke yake. Mwalimu wa jiografia anazihitaji darasani, mfasiri anazihitaji katika vitabu vya mafunzo, na mtumishi wa serikali anazihitaji anapoandika tahadhari ya kubandikwa penye lango la mlima. Neno likimpotosha mwanafunzi, hukosa alama. Likimpotosha mtu aliye mlimani, huweza kumgharimu maisha.

Haja ya kuliandika jambo hili ilitujia Nachingwea, tulipokuwa na walimu katika mazungumzo juu ya istilahi za masomo. Mji huo uko mita mia chache tu juu ya usawa wa bahari, na wanafunzi wengi wa huko na wa Ruangwa barafu waijuayo ni ile itokayo kwenye jokofu. Mwalimu mmoja alitueleza kuwa aliwasomesha wanafunzi wake juu ya "ziwa la barafu" lililoko milimani. Alipowauliza ni ziwa la namna gani, walimjibu bila kusita kwamba ni ziwa ambalo mtu aweza kulivuka kwa miguu. Wanafunzi hawakukosea. Walilisoma neno kama lilivyoandikwa. Aliyekosea ni yule aliyelitunga.

Tuanze na mchezo wenyewe. Kiswahili kinazo tayari mbio za nyika, mbio za marathoni na mbio za kupokezana vijiti. Mbio tunazozizungumzia hupita katika njia nyembamba za miguu, juu ya mawe, matope na mizizi, na hupanda na kushuka milima. Mfano mashuhuri ni mbio za kuuzunguka mlima Mont Blanc huko Ulaya, zilizoanza mwaka 2003, ambazo urefu wake hukaribia kilomita 170. Hapa kwetu, Mtanzania Simon Mtuy aliupanda na kuushuka Kilimanjaro mwaka 2004 kwa muda usiofika saa 9. Mwaka 2014 Karl Egloff aliifanya safari hiyo ya kwenda na kurudi kwa saa 6 na dakika 42. Msomaji akumbuke kwamba wapandaji wa kawaida hutumia siku tano hadi nane, na kwamba neno wanaloambiwa na waongozaji wao kila hatua ni "polepole".

Wako waliopendekeza "mbio za milimani". Istilahi hiyo si mbaya, ila inajumuisha pia mbio za barabara ya lami inayopanda mlima. Sisi tunaona "mbio za vijia" inafaa zaidi kwa mchezo kwa jumla, na "mbio za vijia vya mlimani" pale inapobidi kubainisha. Neno kijia halihitaji kuelezwa kwa mtu wa Nachingwea, kwani ndilo alipitalo kila siku akienda shambani.

Sasa tuje kwenye barafu. Historia ya neno hili ina funzo. Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann aliuona weupe juu ya Kilimanjaro, naye mwongozaji wake aliuita weupe huo "baridi" tu. Wataalamu fulani wa London, akiwemo William Desborough Cooley, walikataa katakata kuwa theluji yaweza kuwako karibu na ikweta. Mwongozaji yule hakuwa na istilahi, lakini alikitaja kitu kwa athari yake mwilini, na katika hilo alikuwa karibu na ukweli kuliko wale waliokuwa na istilahi ila hawakuwahi kukiona kitu chenyewe.

Maneno yetu mawili, theluji na barafu, yote yametoka nje. La kwanza ni la asili ya Kiarabu. La pili lina asili ya Kiajemi, na huko maana yake hasa ni theluji! Lilipofika kwetu likachukua maana ya maji yaliyoganda, na mgawanyo huo unatufaa: theluji ni ile ianguka­yo kutoka angani ikiwa laini, na barafu ni ile iliyoganda ikawa ngumu. Tunawasihi wafasiri wasiyachanganye, kwa maana mguu wa mkimbiaji huzama katika theluji, bali huteleza juu ya barafu.

Kwa lile tungamo kubwa la barafu linalosogea taratibu mteremkoni kwa uzito wake lenyewe, neno "barafuto" limekwisha kutumika. Ukilichambua utaona ndani yake barafu na mto, kwa njia ile ile iliyotupatia "chajio" kutokana na chakula cha jioni. Uzuri wake ni kwamba linataja tendo: barafuto husogea kama mto, na katika kusogea huchimba mwamba na kukokota mawe. Mawe na udongo unaoachwa nayo tunapendekeza uitwe "kifusi cha barafuto".

Hapo ndipo tunapoweza kulirudia swali la ziwa. Maziwa ya aina hii yapo katika Mlima Kenya, kama vile Ziwa Michaelson, na katika Ruwenzori, kama Bujuku na Kitandara. Maji yake hutulia mahali ambapo barafuto ya zamani ilichimba bonde au iliacha kifusi kilichoziba njia ya maji. Mara nyingi barafuto yenyewe imekwisha kutoweka. Kwa hiyo kuliita "ziwa la barafu" ni kulipa sifa lisiyokuwa nayo. Linalofaa ni "ziwa la barafuto", yaani ziwa lililozaliwa na barafuto. Ama lile ambalo maji yake yamekuwa barafu, liitwe "ziwa lililoganda". Tofauti kati ya barafu na barafuto ni silabi moja, lakini silabi hiyo yaweza kumzuia mtu asikanyage maji akidhani ni sakafu.

Walimu wa Nachingwea walitusaidia kupata maelezo. Mito inayokauka kiangazi huacha madimbwi mahali ilipochimba zaidi. Mwanafunzi ayajuaye madimbwi hayo amekwisha kulielewa ziwa la barafuto, ijapokuwa hajauona mlima mrefu.

Istilahi ya mwisho ni ile inayohusu hewa. Wengi huandika "hewa nyembamba". Hiyo ni tafsiri sisisi, na wembamba kwa Kiswahili ni wa kamba au wa mtu. Tunapendekeza "hewa hafifu". Lakini hata hivyo ni lazima maelezo yaandamane nayo. Kadiri tunavyopanda, kiwango cha oksijeni katika hewa hubaki karibu asilimia 21. Kinachopungua ni kanieneo ya hewa, ambayo katika kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, ni takriban nusu ya ile ya pwani. Mwili hupata oksijeni kidogo katika kila pumzi. Mkimbiaji anayefika kileleni kwa saa chache hauachii mwili wake nafasi ya kuzoea, ndiyo maana wajuzi wa mchezo huu hukaa mlimani siku nyingi kabla ya kukimbia. Madhara yake tunapendekeza yaitwe "maradhi ya mwinuko". Dalili zake za awali ni kuumwa kichwa na kichefuchefu. Mtu akianza kuyumba, kuchanganyikiwa, au kukosa pumzi hata akiwa amepumzika, hali ni ya hatari, na ushauri ni neno moja lisilohitaji usanifishaji: shuka.

Kutokana na hayo, tunaona kuwa istilahi ya kitu kisichoonekana na wengi hapana budi ijaribiwe mara mbili: kwanza kwa yule anayeishi nacho, kama mpagazi wa Marangu, na pili kwa yule asiyewahi kukiona, kama mwanafunzi wa Nachingwea. Wakilielewa wote wawili kwa namna moja, neno limefaulu.

Jambo hili halifai kucheleweshwa. Kati ya mwaka 1912 na 2007 Kilimanjaro ilipoteza takriban asilimia 85 ya eneo la barafu yake. Yawezekana wajukuu wetu wakaijua barafuto kwa neno tu, sote tukiwa kama mwanafunzi wa Nachingwea. Siku hiyo neno ndilo litakalobeba maarifa yote yaliyobaki, na kwa hiyo yafaa tulitunge likiwa sahihi wakati kitu chenyewe bado kipo cha kulipimia.