Kwetu ni wapi? Swali la mtoto wa mmishonari

Mwezi wa Desemba mwaka 2011, majirani zetu katika mtaa mmoja wa mji wa Eldoret walifungasha virago warejee Ujerumani. Mume na mke walikuwa wamishonari wa Kikristo, nao walikuwa wamehudumu nchini kwa miaka tisa. Walikuja wawili, wakaondoka wanne, kwani binti yao wa miaka saba na mvulana wa miaka minne walizaliwa papa hapa. Ibada ya kuwaaga ilifana. Kwaya iliimba, akina mama wakawavisha kanga, na kila aliyesimama kunena aliwatakia safari njema ya kurudi nyumbani.

Ibada ilipokwisha, yule binti, ambaye yeye na binti yangu walikuwa chanda na pete, alimshika babake mkono akamwuliza kwa Kiswahili, wala si kwa Kijerumani: "Baba, watu wote wanasema tunarudi kwetu. Kwani kwetu si hapa?" Baba mtu alicheka, nasi tuliokuwa karibu tukacheka naye. Kicheko kile nimekijutia kwa miaka mingi, kwa kuwa mtoto hakuwa ametoa mzaha. Alikuwa ameuliza swali, na hakuna aliyemjibu.

Maadamu kazi yangu ni kufundisha isimu, niruhusu, ndugu msomaji, nilijibu sasa, ingawa nimechelewa. Kitenzi "kurudi" huchukulia kwamba mtendaji aliwahi kuwa mahali anapokwenda. Wazazi wale walikuwa wakirudi. Watoto wao, ambao Ujerumani waliijua kwa likizo fupi na kwa picha za babu na nyanya, walikuwa wakihama. Tuliwaaga wasafiri wa aina mbili kwa kitenzi kimoja.

Neno "kwetu" nalo lina siri yake. Katika Kiswahili, anayetaka kujua asili ya mtu humwuliza "Kwenu ni wapi?", hata kama aulizwaye yu peke yake. "Kwangu" ni nyumba ninamolala. "Kwetu" ni mahali penye watu wangu. Wingi uliomo katika neno hilo humdai kila msemaji awe na hesabu ya watu moyoni mwake. Baba alipolitamka, aliwahesabu wazazi wake, ndugu zake na kanisa lililomtuma. Binti alipolitamka, alimhesabu yaya aliyembeba mgongoni, wanafunzi wenzake wa darasa la kwanza na watoto alioruka nao kamba kila jioni. Neno lilikuwa moja, lakini hesabu zilikuwa mbili, na hesabu ya mtoto haikuwa na uzito katika mipango ya safari.

Jambo hili si geni katika historia yetu. Louis Leakey, mtafiti mashuhuri wa chimbuko la binadamu, alizaliwa Kabete mwaka 1903, wazazi wake wakiwa wamishonari kutoka Uingereza. Alikua akizungumza Kikuyu na vijana wa rika lake. Mwaka 1919, akiwa na umri wa miaka 16, alitiwa katika shule moja ya Uingereza, akajiona mgeni miongoni mwa wavulana wa taifa lake mwenyewe. Hata hivyo, lugha aliyoondoka nayo ilikuwa imekomaa. Alipojiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge, Kikuyu kilikubaliwa kuwa mojawapo ya lugha alizotahiniwa. Lakini katika kesi ya Jomo Kenyatta kule Kapenguria, iliyoanza mwaka 1952, Leakey aliyekuwa mkalimani mahakamani alipingwa na upande wa utetezi kwamba anapendelea, akajiondoa. Tunajifunza kwamba lugha humfungulia mtu mlango wa "kwetu", lakini kuijua peke yake hakumpi kiti cha kudumu ndani.

Leakey aliondoka akiwa barobaro. Je, mtoto wa miaka saba, au minne? Wengi hudhani kwamba lugha iliyojifunzwa utotoni haifutiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 na Christophe Pallier na wenzake kule Ufaransa unatutahadharisha. Waliwapima watu wazima waliozaliwa Korea na kuasiliwa na familia za Kifaransa walipokuwa na umri wa kati ya miaka mitatu na minane. Watu hao hawakuweza kuzitambua sentensi za Kikorea zilipochanganywa na za lugha nyingine ngeni. Lugha yao ya kwanza ilikuwa kana kwamba haikupata kuwepo. Lugha ya mtoto ni moto wa kuni: usipochochewa, huzimika.

Nasi tuliushuhudia moto ukizimika. Barua ya kwanza ya yule binti ilifika mwezi wa Machi mwaka 2012, kurasa mbili za Kiswahili kilichonyooka. Ya pili ilikuwa na mistari mitano. Ya tatu ilikuwa picha ya theluji, na chini yake neno moja tu: "baridi". Ya nne haikuja. Binti yangu alipouliza sababu, nilimwambia kwamba rafiki yake ana masomo mengi. Moyoni nilijua kwamba rafiki yake alikuwa akiishiwa na lugha ya kutuandikia. Na mimi, mwalimu wa lugha, sikuwaandikia wazazi wake hata mstari mmoja kuwaeleza.

Baadaye tulipata kujua kwamba mwalimu mmoja wa huko aliwashauri wazazi waache kabisa Kiswahili nyumbani, ili Kijerumani cha shuleni kisichelewe. Ushauri wa namna hiyo ungali ukitolewa hata hapa kwetu, nao hauna msingi. Akili ya mtoto si kibaba ambacho ukitia lugha moja sharti umwage nyingine. Wazazi wale hawakuwa na nia mbaya; waliogopa mtoto asije akabaki nyuma. Sina lawama pia kwa uamuzi wao wa kurudi, kwa kuwa wazazi wao walikuwa wazee na walihitaji kutunzwa. Ninachosema ni kwamba mtoto angeweza kupewa nchi mpya bila kunyang'anywa ya kwanza.

Wala tusidhani kwamba haya ni ya Wazungu pekee. Ni wazazi wangapi kutoka Taita, Busia au Tharaka wanaoishi Nairobi, ambao kila Desemba huwapakia watoto kwenye matatu na kuwaambia, "Twaenda kwetu"? Watoto hufika wasiweze kuzungumza na nyanya yao ila kwa mkalimani. Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa, lakini mtoto hakuacha chochote. Aliachishwa.

Mwaka 2023 yule binti alikuja kututembelea na mamake, akiwa na umri wa miaka 19. Mke wangu alipomwuliza kama ameshiba, alimtazama mamake apate kutafsiriwa. Lakini jioni, binti yangu alipoanza kumfundisha maneno mawili matatu, alitamka "ng'ombe" sawasawa mara ya kwanza, ilhali mamake, aliyeishi nasi miaka tisa, mpaka leo husema "ngombe". Nilikumbuka utafiti mwingine, wa mwaka 2017, uliofanywa na Jiyoun Choi, Mirjam Broersma na Anne Cutler kuhusu Wakorea walioasiliwa Uholanzi. Walipofunzwa sauti za Kikorea ukubwani, waliziweza upesi kuliko Waholanzi wenzao. Kumbe majivuni huweza kusalia kaa la moto. Alipoondoka aliomba kitabu cha Kiswahili cha darasa la kwanza, naye binti yangu akampa kile chake cha zamani.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu mnaosoma safu hii. Mwanafunzi wenu anapohamia ng'ambo, awe mtoto wa mmishonari au wa mwananchi, msimwage kwa wimbo na keki pekee. Mpeni vitabu viwili vitatu vya hadithi. Lipeni darasa zima anwani yake, limwandikie, na liendelee kumwandikia hata majibu yatakapokuwa mafupi. Waelezeni wazazi kwamba nusu saa ya Kiswahili kila siku, kwa hadithi au kwa simu kwa marafiki, haimwibii mtoto Kijerumani wala Kiingereza. Nanyi wanafunzi, barua ya mwenzenu ikija na neno moja tu, msikasirike. Mwandikieni maneno kumi.

Na mtoto akiuliza kwao ni wapi, asichekwe. Aambiwe kwamba ni huko aendako na ni hapa atokako, kisha tuhakikishe kwamba hatukumdanganya.