Majina ya Watu na Utambuzi wa Kumbukumbu Rudufu katika Kompyuta

Hospitali, benki au idara ya serikali inapounganisha madaftari yake mawili katika kompyuta, hapana budi ijibu kwanza swali moja: je, Hamisi Juma Saidi wa daftari hili ndiye Khamis Jumaa Said wa daftari lile? Karani wa masjala angetazama majina, mwaka wa kuzaliwa na mahali atokapo mtu, na akiona shaka angeuliza. Kompyuta haiulizi. Huamua kwa kanuni ilizopewa, na nyingi za kanuni hizo zilitungwa kwa ajili ya majina ya lugha nyingine. Kwa hiyo jambo linalodhaniwa kuwa la mafundi peke yao ni la fonolojia na othografia pia.

Kongwe katika kanuni hizo ni Soundex, ambayo Robert C. Russell alipewa hataza yake Marekani mwaka 1918. Kanuni hii huiacha herufi ya kwanza ya jina kama ilivyo, huzitupa irabu pamoja na h, w na y, kisha huzipa tarakimu konsonanti zinazosalia. Mohamed na Muhammad hupata alama moja, M530. Fatuma na Fatma hupata F350. Hapo kazi imefanyika vema. Walakini Hamisi ni H520 na Khamis ni K520. Athumani ni A355 na Othman ni O355, kwa kuwa herufi ya kwanza haiguswi. Kwa upande wa pili, Mwinyi na Mwana yote mawili ni M500. Kanuni inayozitupa irabu na viyeyusho haiwezi kuifaa sana lugha ambayo silabi zake karibu zote huishia kwa irabu.

Njia nyingine, aliyoieleza Vladimir Levenshtein wa Urusi mwaka 1965, huhesabu ni herufi ngapi zipasazo kuongezwa, kuondolewa au kubadilishwa ili neno moja liwe jingine. Rajab na Rajabu umbali wake ni 1. Saidi na Saida umbali wake pia ni 1, ingawa mmoja ni mwanamume na mwingine mwanamke. Na Hamisi na Khamis ni 2. Mwenye kuweka kikomo cha 1 atamwunganisha Saidi na Saida, na Hamisi atabaki watu wawili. Kukipandisha kikomo hakutibu kitu, maana Hasani na Hasina nao umbali wao ni 2.

Dawa imo katika lugha yenyewe. Irabu ya mwisho iliyoongezwa katika majina ya asili ya Kiarabu yaishiayo kwa konsonanti hufuata kawaida inayotabirika: kwa jumla ni u baada ya sauti za midomo, kama katika Rajabu, Salimu na Yusufu, na i baada ya nyinginezo, kama katika Hamisi, Saidi na Hasani. Kinachotabirika hakitofautishi mtu na mtu, basi chaweza kuondolewa kabla ya kulinganisha. Irabu a ya Saida na Salima si ya nyongeza. Hiyo isiguswe kamwe. Hali kadhalika kh igeuzwe h, na herufi zilizorudiwa ziwe moja. Majina kama Athumani na Othman yanahitaji orodha yake, kwani hakuna kanuni fupi itakayoyakutanisha. Maumbo haya yaliyosawazishwa ni ya kulinganishia tu. Jina alivyoliandika mwenyewe libaki daftarini.

Mwaka 1969 Ivan Fellegi na Alan Sunter, waliokuwa wakifanya kazi ya takwimu Kanada, waliweka msingi wa kupima ushahidi huu: kukubaliana katika jina adimu kuwe na uzito kuliko kukubaliana katika jina la kawaida. Programu zilizowekwa kwa kudhani kwamba neno la mwisho ni jina la ukoo hukosea mara nyingi hapa, kwa kuwa mtu wa pwani aghalabu hutaja jina lake, la babaye na la babuye, na yote matatu yaweza kuwa ya kawaida mno. Tarehe 1 Januari nayo ipewe uzito mdogo, maana mara nyingi huandikwa kwa asiyeijua siku yake ya kuzaliwa.

Kumbukumbu 100,000 zina jozi 4,999,950,000. Ndiyo sababu hugawanywa katika mafungu kwanza, na jozi za ndani ya fungu tu ndizo zilinganishwe. Fungu likitegemea herufi ya kwanza, Hamisi na Khamis hawatakutana hata kama kanuni nyingine zote ni njema. Afadhali mafungu yafanywe mara mbili, kwa jina lililosawazishwa na kwa mwaka wa kuzaliwa.

Kisha viwekwe vizingiti viwili: juu ya kimoja kompyuta iunganishe, chini ya kingine iache, na za katikati zipelekwe kwa karani ajuaye majina ya mahali hapo. Makosa mawili hayalingani. Mgonjwa mwenye kadi mbili hupimwa mara mbili. Wagonjwa wawili wenye kadi moja, mmoja wao aweza kupewa dawa inayomdhuru. Kwa hiyo kizingiti cha juu kiwe kikali, na kumbukumbu iliyounganishwa isifutwe, bali namba yake ya zamani ihifadhiwe pamoja na tarehe na sababu ya kuunganishwa, ili zitenganishwe tena Said atakapofika dirishani na kusema kwamba yeye si Saidi.