Kuomba Fedha za Kompyuta kwa Maktaba ya Chuo Kikuu: Mfano wa Garissa

1. Utangulizi

Kusudi la makala haya ni kueleza namna ya kuandaa ombi la fedha za kununulia kompyuta na vyombo vinavyoandamana nazo katika maktaba ya chuo kikuu. Mfano unaotumiwa ni Garissa, mji ulio kando ya Mto Tana, kaskazini mashariki ya Kenya. Neno kompyuta ndilo litumikalo humu. Tarakilishi, lililoenea pia nchini Kenya, lina maana hiyo hiyo.

Jambo hili aghalabu huachiwa wakutubi na wahasibu. Hata hivyo linawahusu wanaisimu moja kwa moja, kwa kuwa sehemu kubwa ya fasihi ya lugha za eneo hili ni ya mdomo, na sauti iliyonaswa katika kanda haina faida pasipo chombo cha kuichezea. Ombi likiandikwa vibaya, chombo hicho hakinunuliwi, na kanda huendelea kuchakaa kabatini. Hoja ya makala haya ni kwamba ombi jema huanza na kazi itakayofanywa, kisha ndipo hutaja mashine. Na likitaja mashine, huhesabu gharama za maisha yake yote, wala haliishii kwenye bei ya dukani.

2. Mahali na lugha zake

Chuo Kikuu cha Garissa kimetokana na chuo cha ualimu. Mwaka 2011 kilifanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, na mwaka 2017 kikapata hati ya kujitegemea. Lugha kuu ya eneo hili ni Kisomali. Kandokando ya Mto Tana husikika pia Kiorma, Kimunyoyaya, Kipokomo na Kiilwana, lugha ya Kibantu iliyopokea mengi kutoka Kioromo. Kusini, kuelekea Lamu, wako Waaweer, ambao wengine huwaita Waboni. Lugha yao ni ya Kikushi na iko karibu na Kisomali.

Kisomali kilianza kuandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini mwaka 1972 katika Jamhuri ya Somalia. Tahajia hiyo haina alama ngeni, hivyo kibodi ya kawaida inatosha. Lakini haionyeshi kidatu cha sauti. Neno lililoandikwa inan laweza kuwa "mvulana" au "msichana", na tofauti yake imo katika silabi inayopandishwa sauti. Wasomaji wa Kiswahili wana mfano wao: barabara ya kupitia na barabara yenye maana ya "sawasawa" huandikwa namna moja, na mkazo ndio unaozitenganisha. Kwa hiyo maktaba inayohifadhi maandishi peke yake haijaihifadhi lugha. Hii ndiyo sababu ya kwanza inayopasa kutajwa katika ombi, kwa maana inaeleza kwa nini chombo cha sauti si anasa.

3. Kuanza na kazi

Tuseme maombi mawili yamefika mbele ya kamati ya fedha. La kwanza lasema: "Maktaba inahitaji kompyuta 20." La pili lasema: "Maktaba ina kanda 500 za kaseti, kila moja ya dakika 60, zenye mashairi, ngano na mahojiano. Inakusudia kuzinakili zote katika mwaka mmoja na kuzifungulia wasomaji." Kamati ikiwa na fedha za kutosha nusu tu, ombi la kwanza litapunguzwa hadi kompyuta 10 bila mtu kujua kilichopotea. La pili haliwezi kukatwa bila kamati kusema wazi ni kanda zipi ziachwe zife.

Ombi la pili pia lina uwezo wa kupigiwa hesabu. Kiwango cha chini kinachopendekezwa na wahifadhi wa sauti ni sampuli 48,000 kwa sekunde, kila sampuli ikiwa na biti 24. Kwa kiwango hicho, saa moja ya sauti ya mkondo mmoja huchukua megabaiti 518 hivi. Saa 500 ni gigabaiti 259, na nakala tatu za mkusanyiko mzima hazifikii terabaiti moja. Kwa hiyo diski si gharama kubwa. Gharama kubwa ni muda wa mtu, kwa sababu kanda ya saa moja huchukua saa moja kuchezwa. Fundi akinakili saa nne kwa siku, na saa zilizobaki akizitumia kusafisha kanda, kusikiliza na kuandika maelezo, kazi itamaliza siku 125, yaani wiki 25 za siku tano. Anayeomba diski na kusahau mshahara wa wiki 25 ameomba ghala bila mvunaji.

Ni muhimu vilevile kutaja mashine ya kuchezea kaseti, ambayo mara nyingi husahauliwa kwa kuwa ni ya zamani. Kompyuta mpya kabisa haiwezi kuisoma kanda pasipo mashine hiyo pamoja na kifaa cha kugeuza sauti kuwa tarakimu.

4. Gharama zisizoonekana

Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya ilianzisha maktaba ya ngamia ili kuwafikishia vitabu wafugaji wanaohamahama wa Garissa, na baadaye wa Wajir. Ngamia mmoja alibeba masanduku ya vitabu, mwingine hema la kusomea. Hakuna aliyedhani kwamba bei ya ngamia ndiyo bei ya maktaba hiyo, kwani ngamia huhitaji mchungaji, malisho, maji na tabibu. Kompyuta nayo ni mnyama wa namna hiyo. Kwa Garissa, ombi halina budi kuwa na mafungu haya:

(a) Umeme. Betri ya akiba yahitajika ili umeme unapokatika ghafula kazi isiharibike. Kwa kuwa jua ni jingi, paneli za jua zafaa kupigiwa hesabu pia.

(b) Joto na vumbi. Chumba cha seva na cha kanda chahitaji kupozwa na kuzibwa vumbi. Joto huharibu kanda kama liharibuvyo diski.

(c) Matengenezo. Vipuri na mafundi wengi hutoka Nairobi, safari ya kilomita zipatazo 370. Nauli na siku za kungojea ni sehemu ya gharama.

(d) Mafunzo. Angalau watu wawili wafundishwe, ili mmoja akihama kazi isisimame.

(e) Kubadilisha. Diski hazidumu milele. Ombi lieleze zitabadilishwa lini na kwa fedha za fungu gani.

Kwa upande mwingine, yako mambo yasiyohitaji kununuliwa. Koha, programu ya kuendeshea maktaba iliyotokea New Zealand, na DSpace, ya kuhifadhia kazi za chuo, ni programu huria zisizolipiwa leseni. Hata hivyo, kuzisimika na kuzitunza kwahitaji mtu, naye ahesabiwe. KENET, mtandao wa elimu wa Kenya ulioanzishwa mwaka 1999, huunganisha vyuo na intaneti. Muungano wa maktaba uitwao KLISC, ulioanza mwaka 2003, hugawana gharama za majarida ya kielektroniki. Ombi linaloomba upya kile ambacho chuo tayari kinakipata kwa ushirika huonyesha kwamba mwandishi wake hakuuliza.

5. Sheria, majira na milango ya kugonga

Mwaka wa fedha wa serikali ya Kenya huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Makadirio hutayarishwa miezi mingi kabla, hivyo ombi linaloletwa Mei limekwisha kuchelewa. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 hutaka vyombo vielezwe kwa kazi vinayotakiwa kufanya. Jina la kampuni lisitajwe ila pale ambapo hapana njia nyingine ya kueleza, nalo lifuatwe na maneno "au kilicho sawa nacho". Kanuni hii yakubaliana na hoja ya makala haya, kwani aliyekwisha kueleza kazi amekwisha kuandika nusu ya maelezo ya zabuni.

Nje ya bajeti ya chuo ipo milango mingine, na kila mmoja una ufunguo wake. Hazina ya Taifa ya Utafiti hutazama utafiti, wala si samani. Mpango wa British Library wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, ulioanza mwaka 2004, hulenga zaidi nyaraka za kale. Kwa hiyo hati za herufi za Kiarabu zaweza kufaa kuliko kaseti za juzi. Mpango wa ELDP, ulioanzishwa mwaka 2002, umelenga kuweka kumbukumbu za lugha zilizo hatarini, na hapo Kiaweer au Kiilwana vina hoja yenye nguvu kuliko Kisomali, chenye mamilioni ya wasemaji.

6. Ruhusa na nakala

Sauti ni mali ya mtu kabla haijawa mali ya maktaba. Tangu Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, ombi linapaswa kueleza jinsi ruhusa za wasimulizi zitakavyotafutwa na zipi zitafungwa kwa umma.

Pia nakala zote zisikae mahali pamoja. Tarehe 2 Aprili 2015 chuo cha Garissa kilishambuliwa na watu 148 wakauawa. Kilifungwa, kikafunguliwa tena Januari 2016. Mbele ya msiba wa roho za watu, habari ya kanda ni ndogo. Lakini waliobaki na warithi wao wana haki ya kukuta kumbukumbu za wazee wao zikiwa salama, na hilo hutimizwa kwa kuweka nakala moja katika maktaba ya mji mwingine. Gharama ya nakala hiyo iandikwe tangu mwanzo.

7. Hitimisho

Kwa muhtasari, ombi lieleze kazi, lihesabu muda wa watu, lijumlishe umeme, joto, safari na mafunzo, liepuke kununua kinachopatikana kwa ushirika, lifike mapema, na lionyeshe ruhusa na mahali pa nakala. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 huipa Serikali wajibu wa kukuza na kulinda lugha mbalimbali za wananchi. Katika maktaba, wajibu huo hutekelezwa kwa fungu la bajeti. Yafaa basi wahadhiri wa lugha wakae na mkutubi wakati ombi linapoandikwa, kwa sababu wao ndio wajuao sauti iliyomo katika kila kanda, na ipi isiyoweza kunaswa tena.